Kovu la Bombani: Kufuata Njia ya Kifafa kutoka Mtoni hadi Mahenge

Nilikuwa darasa la nne. Foleni ya maji pale bombani Mtoni, Dar es Salaam, ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa hadi karibu na barabara ya Kilwa, na mimi nilikuwa ndoo tatu nyuma ya binti mmoja wa mtaa wetu. Ghafla akatoa mlio ambao si kilio wala si neno, akaanguka chali, akakakamaa, kisha mwili ukaanza kumrukaruka. Ndoo yake ikabingirika hadi mtaroni.

Foleni nzima ilitawanyika, na haikutawanyika kwa kuogopa kifo. "Kimbieni! Akijamba mtaambukizwa!" alipiga kelele mama mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake. Tukakimbia. Tulisimama chini ya mwembe tukitazama kwa mbali mpaka mwili ule ulipotulia. Binti akalala kidogo, akaamka, akajifuta mate, akaokota ndoo yake. Wakati wote huo bomba lilikuwa wazi na maji yanamwagika, katika mtaa ambao watu waligombana kwa ajili ya dumu moja.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto. Ngozi ilikuwa imevutana, vidole viwili vimeshikana. Kwa akili zetu za kitoto kovu lile lilikuwa sehemu ya ugonjwa, kama vipele vilivyo sehemu ya surua. Mwenye kifafa huwa na kovu, basi. Hakuna aliyeuliza lilitoka wapi.

Nilikuja kuuliza nikiwa na mvi, baada ya kusoma habari za daktari mmoja wa Norway aliyefika milima ya Mahenge mwaka 1959 na kukuta watu wengi wenye makovu ya namna hiyohiyo. Ndipo nikafunga begi. Safari yenyewe huanzia karibu tu na nyumbani: kutoka Mtoni unapanda daladala hadi stesheni ya Tazara, na reli ile ya kilomita 1,860, tuliyojengewa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, inakushusha Ifakara.

Behewani kulikuwa na mama mmoja wa Mlimba na kuku wake wawili kapuni. Aliponiuliza naenda kufanya nini Mahenge, nilijibu kwa kifupi: kufuatilia habari za kifafa. Akavuta kapu lake karibu kidogo. Hakusema kitu, lakini nililiona lile kapu likisogea.

Neno lenyewe linatisha. Sikio langu haliwezi kusikia "kifafa" bila kusikia kufa ndani yake, tena kufa kunakorudiwa: fa, fa. Waliolitunga walikuwa wameona sawasawa. Mtu anakufa mbele yako, kisha anafufuka, kisha wiki ijayo anakufa tena. Ukiona hivyo na huna maelezo mengine, utasema nini isipokuwa pepo, au mkono wa mtu? Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa mtakatifu. Kama miaka 400 kabla ya Kristo, katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, kulitolewa hoja kali kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu wowote kupita magonjwa mengine, na kwamba chimbuko lake ni ubongo. Hoja hiyo ilisafiri polepole mno. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye ilikuwa haijafika kwenye foleni yetu ya maji.

Na hapo kuna kichekesho. Sisi ndio tunaouita mji wetu Bongo, kwa kujisifu kwamba bila ubongo huponi Dar es Salaam. Ubongo wenyewe tunauzungumzia kwa nadra sana. Tukifikiri, tunasema moyoni. Tukichanganyikiwa, ni akili imeruka. Ubongo tunaukumbuka bodaboda inapopinduka.

Kwa hiyo, wakati treni inakata mbuga na abiria wamejazana madirishani kutafuta tembo, nilijaribu kumweleza yule mama mambo niliyokuwa nimeyasoma. Nilitumia kitu ambacho hata mtu wa Mlimba anakijua kwa redio: Uwanja wa Mkapa, ule uliopo kwetu Temeke, unaoingiza watu 60,000.

Kabla mpira haujaanza, nilimwambia, kila mtu pale anaongea lake. Huyu anaulizia karanga, yule anabishana kuhusu kipa, mwingine anatafuta kiti. Ukisimama nje, ukiwa Mtoni kwa Azizi Ali, husikii hata neno moja, labda mvumo tu. Ubongo mzima uko hivyo. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja inapeleka vijumbe vya umeme kwa wenzake kwa zamu na kwa sababu yake. Baadhi zinashughulikia kidole gumba, baadhi harufu, baadhi jina la shangazi yako. Kelele zao hazifanani, na kwa kuwa hazifanani, kazi inafanyika.

Sasa Simba wafunge bao, au Yanga, sitaki ugomvi. Watu 60,000 wanapiga ukelele mmoja kwa sekunde moja. Mtoni nzima inasikia. Muuza karanga hawezi tena kuuza, anayetafuta kiti hawezi kuelekezwa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeingiwa na pepo. Wote wamesema jambo moja kwa pamoja, na kwa muda huo uwanja hauwezi kufanya kitu kingine chochote. Kifafa kinafanana na hali hiyo. Kundi la seli linaanza kupiga kelele kwa pamoja, na wakati mwingine linaambukiza uwanja mzima. Ukelele ukianzia upande mmoja wa jukwaa, kwenye seli za kidole gumba tuseme, kidole kinatekenyeka kwanza, kisha mkono, kisha uso. Daktari John Hughlings Jackson wa London alikaa akitazama mwendo huo kwa wagonjwa wake katika karne ya 19, na kutokana nao akakisia kwamba mwili mzima umepangwa kwenye ubongo kipande kwa kipande. Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, Hans Berger akabandika waya kichwani mwa mtu na kurekodi ule mvumo kutoka nje, kama mimi ninavyosikiliza uwanja kutoka Mtoni.

"Na huyo aliyeanza kupiga kelele," aliuliza yule mama, "kaanzishwa na nani?"

Swali lake ndilo swali la Mahenge.

Majibu yako mengi, na ndiyo maana kifafa si ugonjwa mmoja. Mtoto aliyechelewa kupumua wakati wa kuzaliwa. Ajali ya kichwa. Viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyofika kwenye ubongo na kujifungia humo. Malaria kali, ambapo chembe nyekundu za damu zenye vimelea zinanasa kwenye mishipa midogo ya ubongo na mtoto anashikwa na degedege. Hilo nalo lina historia yake Pwani: degedege ni jina la ugonjwa na ni jina la mdudu arukaye usiku, na wazee walisema akipita juu ya mtoto ndipo mtoto hustuka. Akinamama wa Bagamoyo na Temeke wamepeleka watoto wengi kwa mganga kwa sababu hiyo, wakiamini sindano ya hospitali itamuua mwenye degedege. Siwacheki. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa mahututi alikufa huko, na wengine wakaona alikofia.

Ifakara nilishuka alfajiri. Mji huu una historia ya utafiti inayozidi miji mikubwa. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alijenga hapa maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, jirani na hospitali ya wamisionari ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, inayojulikana dunia nzima kwa malaria. Kwa mlango huohuo wa Uswisi ndipo alipopitia Louise Aall, binti wa Norway, daktari ambaye hakuwa amefikisha miaka 30.

Kutoka Ifakara hadi Mahenge ni kilomita sabini na kitu, na kikwazo chake kilikuwa mto. Kwa miongo mingi watu walivuka Kilombero kwa kivuko, na kivuko kimeua. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384 linaloitwa jina la Magufuli. Tulipita juu yake kwa basi kabla sijamaliza kumenya ndizi. Nilijisikia kama nimedanganya. Njia niliyodai kuifuata, wenzangu waliikanyaga kwa miguu na mitumbwi, na mgonjwa wa kifafa ndiye mtu wa mwisho duniani unayetaka apande mtumbwi.

Baada ya Lupiro barabara inaanza kupanda. Hewa inabadilika, migomba inakuwa mizito, na vijito vinatokea kila kona, vinashuka kwa kasi juu ya mawe, maji meupe kama povu la sabuni. Nilivutiwa na uzuri wake. Sikujua bado kwamba nilikuwa natazama mshtakiwa.

Mahenge ni mji mdogo wenye kumbukumbu nzito. Wajerumani walijenga boma hapa, na mwishoni mwa Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Majimaji walilishambulia na kukutana na bunduki za rashasha. Misheni ya Kwiro, iliyoanzishwa na Wabenediktini miaka michache kabla, ilichomwa moto. Baadaye wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi. Siku hizi wageni wengi wanafuata madini, maana spineli nyekundu ya hapa, iliyotikisa masoko ya vito mwaka 2007, imewafanya vijana wachimbe kila kilima. Aliyeniuzia chai alidhani nami nimefuata mawe.

Wajerumani hao nitawarudia kidogo, kwa sababu mkondo mmoja wa habari hii ni wao. Huko kwao, karibu na mji wa Bielefeld, mwaka 1867 ilianzishwa nyumba ya kutunza vijana wenye kifafa, ikaitwa Betheli. Mafrateri waliofundishwa Betheli ndio waliokuja kuendesha Lutindi, kule Usambara, kituo kilichoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata kikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni hili. Watu waliojifunza kazi kwa wenye kifafa wakapewa wenye wazimu wawatunze. Dunia ya wakati ule haikuona tofauti kubwa. Kisha mwaka 1912, mjini Freiburg, daktari kijana aliyeitwa Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake dawa mpya ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Luminal, akashangaa kuona wodi ya kifafa imekuwa kimya usiku. Dawa hiyo ndiyo fenobabitoni. Katika mfano wangu wa uwanja, kazi yake ni kuwapa nguvu wale wanaonyamazisha. Ubongo una seli maalumu za kuwatuliza wenzao, na dawa hii hufanya neno lao la "nyamazeni" lidumu kidogo zaidi.

Kidonge hiki ni cha bei ndogo kuliko karibu dawa zote za ubongo. Kiligunduliwa kwamba kinazuia kifafa wakati bendera ya Ujerumani ikipepea Mahenge. Wagonjwa wa Mahenge walipata kliniki yao mwaka 1960. Hesabu miaka: ni 48.

Louise Aall alikuta nini? Alikuta watu waliofichwa. Wapogoro, wenyeji wa milima hii, walimpokea vizuri, walimletea vidonda, homa, uzazi mgumu, lakini wenye kifafa hawakuletwa. Aliwaona pembezoni, wakiishi kwenye vibanda vyao, wakila kwenye vyombo vyao, wengi wakiwa na makovu makubwa ya moto mikononi, miguuni, usoni. Akauliza. Majibu aliyoyapata ndiyo yaliyonirudisha bombani Mtoni.

Mtu anaanguka akiwa anapika kwenye mafiga matatu. Mkono unaingia kwenye moto. Walio karibu wanajua kwamba mate yake, pumzi yake na ushuzi wake vinaambukiza, kwa hiyo wanakimbia. Mwenyewe hana fahamu, haoni maumivu, hawezi kujivuta. Mkono unakaa motoni mpaka ukelele wa ubongo uishe wenyewe, dakika moja, mbili, tatu. Dakika tatu motoni ni muda mrefu sana. Kovu la namna ile haliletwi na kifafa peke yake. Linahitaji watu waliokuwepo wakaondoka.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kwenye benchi la mgahawa. Binti wa Mtoni alikuwa na jiko la mkaa nyumbani kwao kama sisi wote. Siku ile alipoliangukia, kulikuwa na watu uani. Lazima walikuwepo, Mtoni hakuna ua usio na watu.

Daktari yule kijana alianza kugawa fenobabitoni. Wagonjwa wa kwanza walipokaa mwezi mzima bila kuanguka, habari ikapita milimani upesi kuliko barua yoyote ya serikali. Watu wakaanza kutoka mafichoni na kutembea hadi kliniki. Yeye aliondoka, akafanya kazi Kongo katika vurugu za 1960, akakaa kwa daktari Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gabon, akaolewa na daktari mwenzake Wolfgang Jilek, wakahamia Vancouver, Kanada. Kwa jina la Louise Jilek-Aall alifundisha chuo kikuu huko. Lakini kliniki haikufa, na yeye aliendelea kurudi kwa miongo kadhaa. Mwaka 1965 alichapisha utafiti wake juu ya kifafa kwa Wapogoro, akikadiria kama watu 20 katika kila 1,000. Nchi nyingi za Ulaya zina watano au sita. Aliandika pia kitabu cha kumbukumbu ambacho jina lake ningelitafsiri *Mwiteni Mama Daktari*.

Nina ukakasi kidogo na masimulizi yanayomfanya mgeni mmoja kuwa shujaa pekee. Kliniki haiendeshwi kwa barua kutoka Vancouver. Iliendeshwa na manesi na waganga wasaidizi wa hapahapa, miaka ambayo dawa zilichelewa na barabara zilikatika. Na kazi ya kuhesabu kwa uhakika ilikuja kufanywa na madaktari wa Muhimbili: Henry Rwiza, Gad Kilonzo, William Matuja na wenzao. Walipita nyumba kwa nyumba wilayani Ulanga, wilaya ya Mahenge, wakahoji watu 18,183, wakapata 207 wenye kifafa, 185 kati yao kikiwa hai bado. Kwa kifafa hai ni wastani wa kama 10 kwa 1,000, lakini wastani huo ulificha kitu. Kijiji kimoja kilikuwa na watano kwa 1,000, kingine 37. Vijiji vya wilaya moja, lugha moja, chakula kimoja.

Walichapisha hayo mwaka 1992. Mwaka uliofuata walichapisha jambo jingine, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko yote. Waliwauliza wakuu wa kaya 3,256 wanajua nini kuhusu kifafa. Asilimia 40.6 waliamini kinaambukiza, kwa kugusana, kwa pumzi, kwa kula pamoja, kwa ushuzi. Asilimia 62.7 walisema hawangeruhusu mtoto mwenye kifafa aende shule. Yule mama wa bombani hakuwa mjinga peke yake. Alikuwa na wengi sana nyuma yake, toka Kilombero hadi Mtoni.

Tena ushuzi si upuuzi mtupu. Katika degedege la kifafa misuli yote inabanwa, kifua kinasukuma pumzi kwa nguvu, ndipo ule mlio wa kutisha, na mara nyingine haja ndogo au hewa hutoka. Watu waliona kweli. Walikosea sababu tu, na juu ya kosa hilo wakajenga ukuta.

Sasa turudi kwenye vijito.

Jilek-Aall aliandika jambo jingine ambalo wenzake wa Ulaya hawakulielewa. Akinamama wa Kipogoro walimwambia kwamba kabla mtoto hajaanza kuanguka, hupitia kipindi cha kuinamisha kichwa, juu chini, juu chini, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri marefu. Walikuwa na maneno yake: amesinzia kichwa. Daktari aliyaandika maneno hayo kama alivyoyasikia. Yalikaa karatasini miaka mingi. Kisha katika miaka ya 1990 watoto wa kusini mwa Sudan wakaonekana wakiinamisha vichwa, na baadaye maelfu kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, na dunia ikashtuka kwa ugonjwa mpya wa ajabu. Haukuwa mpya. Akinamama wa Mahenge walikuwa wameshautaja.

Watafiti walirudi Mahenge. Timu ya daktari wa neva Andrea Winkler ilichapisha mwaka 2008 habari za wagonjwa 62 wa hapa wenye dalili hiyo. Vipimo vya ubongo vya umeme, vilivyofanywa baadaye Uganda, vilionyesha kwamba kusinzia kule ni kifafa chenyewe: misuli ya shingo inakatika nguvu kwa nukta chache kisha inarudi, mara kwa mara, uwanja mdogo ukipiga ukelele wa kuzima. Huku Mahenge, wagonjwa 12 walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku. Watano kati yao walikuwa na kasoro kwenye hipokampasi, sehemu yenye umbo la mnyama mdogo wa baharini, ambayo bila hiyo kumbukumbu mpya haziwezi kuwekwa. Mtoto anayesinzia kichwa husahau alichofundishwa asubuhi, kisha anaitwa mzembe.

Waliwachunguza ngozi pia. Hapo ndipo kijito kinapoingia. Wengi walikuwa na vimelea vya usubi.

Usubi ni jina la mdudu na ni jina la ugonjwa. Mdudu ni inzi mdogo mweusi, mwenye kibiongo, ambaye viluwiluwi vyake haviwezi kuishi kwenye maji yaliyotuama kama vya mbu. Vinataka maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi, yanayopiga mawe. Ndiyo yale maji meupe niliyoyasifia. Jike huuma mchana, na kwa kuuma hupitisha mnyoo ambao hukua chini ya ngozi, hujifungia kwenye vinundu, huishi miaka zaidi ya kumi na kuzaa mamilioni ya vitoto vinavyotembea ngozini na machoni. Upofu wa mito duniani ndiyo kazi yake iliyojulikana.

Lakini fumbo likawa gumu. Timu ile ilitafuta mnyoo kwenye maji ya uti wa mgongo, yanayouzunguka ubongo, na haikumpata kwa mgonjwa hata mmoja. Mwizi ana nyayo uani, ndani hayumo. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa Uganda walitoa wazo: huenda kinga ya mwili inapotengeneza silaha dhidi ya mnyoo, silaha hizo zinalenga kimakosa protini ya mtu mwenyewe inayofanana na ya mnyoo, iliyomo pia kwenye seli za neva. Askari anampiga mwenye nyumba. Wazo hilo linabishaniwa bado, na wapo wanaotafuta kwingine.

Dawa ya mnyoo huyo, ivamektini, imetokana na bakteria wa udongo wa Japani. Satoshi Ōmura aliyewatoa udongoni na William Campbell aliyeifanyia kazi walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu 1987 mtengenezaji wake ameitoa bure kwa nchi zenye usubi, na Mahenge imegawiwa kwa takriban miaka ishirini kabla watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), akiwemo Bruno Mmbando, hawajaja kuhesabu tena mwaka 2017. Walipima watu 5,117 katika vijiji vinne. Wenye kifafa: asilimia 2.5. Vijiji viwili vya ndani, Mdindo na Msogezi, asilimia 3.5. Viwili vilivyo karibu na mji, 1.5. Yaani baada ya miaka ishirini ya vidonge, vijiji vya kando ya maji viko palepale. Vidonge havimezwi na wote, na inzi hasubiri kampeni.

Siku ya tatu mzee mmoja alikubali kunionyesha kijito. Tulimkuta kijana wake anafua. Nikamweleza mzee nilichofuata, safari hii bila kufupisha: bomba, binti, kovu, mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa juu ya jiwe.

"Na wewe ulikimbia?" akauliza.

"Nilikimbia, mzee."

Akatikisa kichwa, akaangalia maji. Kitu kikanichoma kwenye kifundo cha mguu. Nilipokipiga, kiganjani palibaki doa dogo la damu na mdudu mweusi kama punje ya pilipili.

"Huyo," alisema mzee. Kijana wake aliacha kufua, akaja kuangalia mguu wangu, akacheka. Kwenye paja lake, chini ya kaptula iliyolowa, niliona kovu la moto la zamani, pana, lililofuata umbo la figa. Mzee aliniona nikilitazama.

"Hilo la zamani," akasema. "Siku hizi anameza dawa. Tena mimi sikukimbia. Nilikuwa shambani."